Man Iko na Kila Kitu

Jumatatu, 6 Oktoba. Nyamugari, Gitega.

Leo nimeheshimika mbele ya watu. Naandika haraka kabla raha haijapoa.

Umoja wa akina mama wa mtaa wetu, ambao mke wangu Pili ni mwandishi wake, umepata kompyuta nane za msaada kutoka Ulaya. Chumba kipo, meza zipo, hata pazia lipo. Mwalimu ndiye hayupo. Mama Layla, mwenyekiti, aliuliza mkutanoni kama kuna anayejua mfumo unaoitwa Linux, ule wa bure usio na mwenyewe. Pili akasimama, akasema mume wake anaujua vizuri. Wote wakanigeukia. Ningefanyaje? Nikasema naujua tangu zamani, kiasi kwamba nimeanza kuuchoka.

Ukweli nauweka hapa tu. Mimi ni Amissi, mwenye sekretaria ya kupiga barua na fotokopi, mwaka wa kumi na moja sasa, na Linux naijua kwa jina. Jina lenyewe nililiokota kwenye redio mwezi wa Ramadhani, nikamrushia Rachid tulipokuwa tunabishana nani fundi zaidi. Pili alikuwepo. Akaamini.

Tukawasha mashine moja. Kwanza akatokea bata mnene mweusi mwenye tumbo jeupe. Kisha kioo kikawa cheusi chote, na kistari kidogo kikawa kinapepesa kwenye kona. Basi. Kinapepesa tu. Nikaeleza kwamba mashine inapumzika, imetoka mbali.

Rachid akakohoa. Rachid ana sekretaria ng'ambo ya barabara na kibao kirefu kuliko changu kwa shubiri mbili. Akasema kwa sauti yake ya asali kwamba kila mfumo una dokumentasyo yake, na bila shaka ndugu yetu Amissi anayo nyumbani. Mama Layla amevusha vitenge mpaka wa Tanzania miaka ishirini. Katika maneno yote hayo alisikia moja: documents, zile wanazodai forodhani. Akasema, "Mashini bila documents haiingie mu chumba yangu." Ufunguzi ni Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Nisipoleta, ufunguo wa chumba anapewa Rachid.

Njiani Pili alitembea mbele yangu mpaka kwenye duka la mkaa. Hapo akasema, "Jina yenye niliweka pale ni yangu, Amissi. Hapana yako." Imenichoma. Nimekula kidogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamka na akili nyingi. Dokumenti ni nini? Ni karatasi yenye stempu. Karatasi ninazo. Stempu ninayo, tena ya duara.

Nimefungua mkataba wa kuuziana pikipiki niliowahi kumpigia mteja, nikafuta "pikipiki" kila mahali na kuweka "kompyuta". Kurasa tano. Juu nikaandika CHETI CHA MFUMO kwa herufi nene. Nikapiga stempu kila ukurasa, na wa mwisho nikaupiga mbili kwa uzito.

Mama Layla hasomi kama watu wengine. Anaweka kidole chini ya mstari na kidole hakiruki. Ukurasa wa tatu kidole kikasimama. Palikuwa pameandikwa: idadi ya silinda, moja. Akaniuliza silinda iko wapi. Nikasema iko ndani. Ukurasa wa nne nilikuwa nimeapa kwamba kompyuta haijawahi kugonga mtu. Akaikunja karatasi taratibu na kunirudishia. Rachid, aliyekuwa amepita "kusalimia tu", alicheka mpaka akaomba maji.

Jioni Pili aliuliza jambo moja: katika kurasa zile tano, pameandikwa popote mtu aandike nini mbele ya kile kistari kinachopepesa? Hapana, hapakuandikwa. Lakini nimekihifadhi Cheti. Bado ni karatasi nzuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Ushindi! Nimeingia kwenye kundi la WhatsApp la wapenda Linux. Watu mia mbili na kitu. Kuuliza kama mjinga sikutaka, kwa hiyo niliuliza kama mtahini. Niliandika: mimi najua, nawapima ninyi tu, dokumentasyo ya Linux inapatikana wapi?

Akanijibu mmoja anayejiita Happy, kwenye picha amekaa juu ya moto, yaani pikipiki ya abiria, na miwani ya jua, chini ya jina ameandika Muyinga. Jibu nalinakili kama lilivyo, na vieux ni mzee kwa Kifaransa: "Uliza man tu, vieux. Man iko na kila kitu."

Moyo uliruka. Siku mbili nahangaika na karatasi, kumbe kinachotakiwa ni mtu. Mtu anayeitwa Man! Nikamtega kwa ujanja: huyo Man ni wa hapo kwenu Muyinga? Happy akajibu, "Hata Muyinga iko. Iko fasi yote." Akaweka na vichwa vitatu vinavyocheka, ambavyo nimevichukua kama heshima.

Nani Mrundi asiyejua majina yetu? Man ni Mani. Mani ni Manirakiza, au Manirambona, au Maniraguha, anayeitwa hivyo kwa kifupi tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Na kama yuko kila mahali, basi ni mfanyabiashara. Leo huku, kesho kule. Ni lazima nimwahi.

Nimemwambia Pili kesho naenda Muyinga kuonana na Mani. Akauliza Mani nani. Nikasema ni siri ya kazi. Akanifungia chapati nne.

Alhamisi, 9 Oktoba. Muyinga.

Nimebeba kompyuta moja, lile sanduku lenyewe lenye akili, ili Man asinidhanie tapeli. Nililipakata tangu Gitega, limefungwa kwa kitenge cha Pili. Magoti hayana hisia mpaka sasa.

Baada ya Karusi, kizuizi. Polisi akauliza documents za mashine. Nikamwambia ndizo ninazozifuata. Akasema watu huzifuata kwanza, ndipo wakasafiri. Sikuwa na njia, nikampa Cheti. Alipofika ukurasa wa tatu akamwita mwenzake. Wakasoma wote wawili, bega kwa bega. Wakaniomba niiwashe waisikie inavyonguruma. Mwisho wakaturuhusu kupita, wakipangusa macho.

Muyinga, pale zinaposimama moto, kuna bwana mmoja anaitwa Sudi. Kofia ya kushona, filimbi shingoni. Hakuna moto inayotoka pale mpaka Sudi apulize, na akikataa, hata abiria awe tajiri anashuka. Nilimpenda mtu yule. Ana amri. Nikamwuliza Mani anapatikana wapi. Akauliza, "Mani gani? Hapa Mani iko mingi kuliko moto."

Hakutia chumvi. Kabla ya alasiri nilishaonana na Mani saba. Mani fundi cherehani, nilipomwuliza habari za Linux, alitaka kujua nahitaji mita ngapi. Mani muuza parachichi ni mwanamke. Walikuwepo Mani wawili, ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana, kila mmoja akaniambia nisimwamini yule mwingine. Mmoja bado ananyonya. Wa saba, fundi redio, ndiye aliyenifumbua macho. Alisema ninayemtafuta atakuwa Mani wa Gasorwe, Anatoli Manirambona, kwa sababu huyo anajua kila kitu.

Kila kitu. Maneno yale yale ya Happy. Nalala kwa binamu yake Pili, na kesho mapema naenda.

Ijumaa, 10 Oktoba. Gasorwe, kisha Buhinyuza.

Asubuhi. Nimempata Anatoli shambani anapanda maharage. Kweli anajua kila kitu. Alijua nimetoka Gitega kwa kuangalia viatu. Alijua mvua itanyesha saa ngapi. Nikamwuliza kuhusu Linux, naye hakusita hata kidogo: akasema anaijua, iliingia na mbegu za msaada miaka mitatu iliyopita, inaanzia kwenye jani la chini, na dawa yake ni majivu. Nikaandika kwenye daftari. Aliendelea kunieleza huku akinipa mbegu mkononi, na mimi kwa adabu nikawa nafukia. Nilikuwa mstari wa tatu nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Mke wake alinionea huruma. Alisema kama ni mashine ya umeme, niipeleke Buhinyuza kwa Adventina, aliyerudi kutoka Tanzania, anayetengeneza simu. Mumewe akasema hata yeye alikuwa karibu kusema hivyo. Swala ya Ijumaa nimeikosa. Mungu anisamehe, nilikuwa kwenye maharage.

Jioni. Nimefika Buhinyuza kwa moto, sanduku kifuani, tope mpaka masikioni. Adventina ana kibanda cha mabati, sahani ya umeme wa jua juu ya paa, na Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari. Amekulia kambini Tanzania, huko ndiko alikojifunza. Aliunganisha sanduku langu na televisheni ya zamani. Bata akatokea. Kistari kikapepesa.

Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba namtafuta Man.

Hakucheka, na kwa hilo nitamwombea dua maisha yangu yote. Alisema, "Kaka, man siyo mtu. Ni amri. Unaandika hizo herufi tatu, unaacha nafasi, unaandika jina la unachotaka kukijua. Maelezo yote yamo humo humo ndani ya mashine. Man ina kila kitu."

Ina. Alisema ina, hakusema ana. Sisi tunasema iko kwa mtu, iko kwa mbuzi, iko kwa sufuria, na mtu unabaki kujipambanulia mwenyewe. Happy angekulia Tanzania, mimi nisingepanda maharage ya watu.

Akabonyeza, na maandishi yakaanza kumiminika, tena kwa Kifaransa, ukurasa baada ya ukurasa. Nimempakata Man kutoka Gitega, nimemwonyesha kwa polisi, nimelala naye chumba kimoja. Nilitaka kulia. Nikaomba maji ili nipate pa kuweka uso.

Adventina amenichania karatasi ya daftari na kuniandikia mistari sita: nianze na nini, nifuatie nini, na mstari wa mwisho, ule unaoleta picha na madirisha ili mtu aandike barua. Akaniusia kitu kimoja. Jambo likinishinda, nisome man kwanza, watu niwaulize baadaye. Namba yake nimeihifadhi kwenye simu yangu. Nikamwapia. Nimetoka pale mtu mpya.

Jumamosi, 11 Oktoba. Nyamugari.

Kizuizini, polisi yule yule. Akauliza kama documents nimezipata. Nilikuwa na furaha, nikamtolea zote kutoka mfukoni: Cheti, na karatasi ya Adventina. Akasoma, akamwonyesha mwenzake, akanirudishia iliyokunjwa. Basi likaondoka.

Niliingia Nyamugari adhana ya alasiri inaita. Akina mama wamevaa kitenge sare, chai ipo, chapati zipo, Rachid yupo na shati la kung'aa. Nikaswali, nikaingia, nikawasha mashine, nikaandika herufi tatu na jina la amri moja. Kurasa zikamwagika. Mama Layla akaweka kidole kwenye kioo, akasoma vioo viwili vizima bila kuruka. Akasema hakuna mdanganyifu mwenye uvumilivu wa kuandika mambo marefu hivi. Documents zimekubaliwa.

Ningenyamaza hapo. Najua ningenyamaza hapo.

Rachid akauliza huyu Man ni nani. Ulimi wangu ukaenda peke yake. Nikasema ni M.A.N., yaani Mwalimu Amissi wa Nyamugari, na kwamba niliyaandika mwenyewe ila napenda kujificha. Chumba kizima kikasema aaa. Rachid akainama, akasoma chini kabisa ya ukurasa, akauliza kwa upole kwa nini pana jina la Mzungu, na mwaka ambao mimi na yeye tulikuwa darasa la tatu, dawati moja.

Walicheka. Mama Layla akawanyamazisha, akasema hayo si kitu, sasa nifungue picha na madirisha, wanawake wanataka kuandika. Hapo nilikuwa na amani. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa karatasi, nikaikunjua.

Idadi ya silinda, moja.

Ya Adventina imebaki kwa polisi. Nimeigeuza karatasi mara mbili, kana kwamba upande wa pili ungenihurumia. Kichwani sikubakiwa na kitu isipokuwa zile herufi tatu. Nikamtafuta Pili kwa macho. Hakukasirika. Alikuwa anaangalia ndala zake. Miaka kumi na nne ya ndoa sijawahi kumwona Pili akiangalia ndala zake mbele ya watu. Nimejichukia, na naandika hivyo hivyo bila kupamba.

Kisha akainuka. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kistari kinachopepesa, akaniuliza chini chini zile herufi ni zipi. Nikamwambia. Akaandika man, akaacha nafasi, akaandika man tena, kwa sababu alisema anataka kwanza huyo anayeeleza wengine ajieleze mwenyewe. Akasoma. Midomo inatembea, ukurasa kwa ukurasa, hakuna aliyemwambia akimbie. Chapati zikaisha. Chai ikaisha. Tabasamu la Rachid likaisha. Mara Pili akasema, "Ah, iko na namna ya kutafuta neno yenye haujue." Akatafuta. Akajaribu, ikakataa. Akasoma tena. Akajaribu, na kioo kikawa cha buluu, na dirisha dogo likafunguka katikati yake.

Vigelegele vilisikika mpaka sokoni, nadhani. Mama Layla akachukua ufunguo akauweka kwenye kiganja cha Pili, akasema, "Mwalimu iko huyu."

Mimi nimepewa pazia. Nalifungua asubuhi, nalifunga jioni, nafuta vumbi.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemweleza Pili kwamba yote haya nilimtayarishia yeye, ili ang'ae. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema Jumanne niende darasani kama watu wengine, nikae mstari wa mbele. Ningekubali, lakini nasikia Rachid ameshajiandikisha.

Nimefurahi kwa ajili yake. Kweli nimefurahi. Jina lake limesimama, na leo alitembea mtaani na ufunguo shingoni, watu wanamwamkia Mwalimu. Lakini na mimi nina jina. Kwa hiyo nimepanga jambo dogo. Kabla ya Jumanne nimtoe yule bata anayetokea mashine inapowaka, nimweke mahali pake picha yangu ya pasipoti. Mashine nane, sura nane. Rachid awashe, anione.

Nimeingia kufuta vumbi, nikajaribu. Mashine ikanijibu kwa Kifaransa kwamba sina ruhusa. Mimi, mwenye pazia!

Kumwuliza Pili haiwezekani. Kusoma man inawezekana, lakini kurasa ni ndefu na Adventina ana simu. Nimemwandikia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Adventina amejibu. Nanakili: "Kaka Amissi, mashine ikikukatalia, tumia sudo. Sudo ina mamlaka yote. Ila soma man yake kwanza."

Nimecheka peke yangu. Mambo mepesi namna hii, halafu watu wanasema kompyuta ni ngumu. Sudi! Sudi wa Muyinga, mwenye filimbi. Nilijua tangu nilipomwona kwamba yule si mtu wa moto tu. Adventina amekosea herufi moja kwa haraka, i na o zimekaa jirani kwenye vibonyezo. Na tena ameandika ina badala ya ana. Hata waliokulia Tanzania huteleza.

Kesho naondoka na basi la kwanza, nitarudi kabla darasa halijaisha. Pili ameuliza naenda wapi, nikamwambia ni siri ya kazi. Amenifungia chapati nne tena. Safari hii nabeba mashine mbili, ili Sudi aone kazi ni kubwa. Na kwa ajili ya polisi nimekirekebisha Cheti vizuri, nimekipiga stempu upya. Idadi ya silinda: mbili.